Sindano za Mwenye Hisa

Meneja wa kiwanda cha sabuni ana sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, lakini kwenye kikao cha wakurugenzi huishusha mpaka ungedhani mna mgonjwa ndani. Mikono haimtulii, hunyoosha tai ambayo wala haijapinda. Huongea na meza nzima, ila macho hayabanduki kwenye vidole vya bibi mmoja anayefuma sweta pembeni. Huyo ndiye mwenye hisa nyingi kuliko wengine wote pamoja, na mwenye nguvu mpishe. Sindano zake zikisimama tu, meneja humeza pendekezo lake na kurukia jingine.

Juzi alikuwa akiomba pipa jipya la kuchemshia sabuni, maana la zamani linavuja na iko siku litaunguza mtu. Sindano zikasimama. Meneja akashika tai, akafumba macho, akaendelea mpaka mwisho.

"Kumbe unaweza kumaliza maneno, mwanangu," bibi akasema. "Miaka yote mimi naacha kufuma ili nikusikie vizuri, nawe ndipo unaponyamaza."

Pipa likakubaliwa. Meneja akabaki kaishika tai yake, akiyakumbuka moja moja mapendekezo aliyoyazika yangali hai.