Leso Mdomoni

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, la juu. Lingekuwa gego ningelisahau siku ya tatu. Lakini la mbele, jamani! Mtu anakutazama hapo hata kabla hujamjibu salamu.

Nilikwenda kituo cha afya na furaha yangu, nisidanganye. Nilikuwa nimejiandikisha bima ya serikali, vidole vimepigwa alama, nimeambiwa matibabu sasa ni ya kila mtu. Daktari wa meno, mama mmoja mpole, akachungulia akasema tundu ni dogo, jino bado lina uhai, likizibwa nitazeeka nalo.

"Basi lizibe, daktari."

Akatazama kompyuta yake. "Pole, mama. Kuziba hakumo kwenye bima. Kung'oa kumo."

"Kwani jino si mwili? Mguu ukiingia mwiba, mnaukata?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha, maana aliona sichezi. Kuziba kwa pesa yangu sikuweza. Nikavumilia wiki kadhaa kwa karafuu na maji ya chumvi, mpaka shavu likavimba, nikarudi wakaling'oa. Walifanya kazi nzuri, sina lawama nao. Lawama yangu ni kwa hao waliokaa mezani wakaamua mwili wangu unaishia wapi.

Tangu nifiwe na mume naishi peke yangu Timbwani, vyumba viwili na kibaraza. Watoto wako bara na kazi zao. Mtu wangu alikuwa mmoja tu: jirani wa nyumba ya tatu, mjane kama mimi, kwao Kaloleni kama mimi, muuza samaki wa kukaanga. Kila jioni akishamaliza karai yake alipita kwangu, akaketi, tukasema watu hadi giza liingie. Mwanamke yule alikuwa na mdomo! Akiona kasoro yako leo, kesho mtaa mzima umekupa jina. Nami nilimpenda kwa hilo, mradi kasoro iwe ya mwingine.

Wiki niliyong'olewa jino alikuwa matangani kwao. Aliporudi alinikuta na leso. Nilikuwa nimeshika pindo lake mbele ya mdomo, uso nimeugeuza kando. Salamu zetu si fupi: utaulizwa za nyumbani, za watoto, za mwili, nawe urudishe zote. Mimi nilisema "njema" moja tu, kwa sababu kila neno lilitoka na upepo.

"Una nini weye?" akaniuliza.

"Kichwa."

Kesho yake kichwa tena. Kesho kutwa, kichwa. Ningesema nini? Kwamba nimekuwa na pengo? Alikaa kidogo, akaondoka. Siku zilizofuata alianza kuchelewa, tena akija amebadilisha nguo, kama anayetoka kanisani. Nikajiambia, ehe, amepata wenzake wa maana. Halafu akawa anasalimu kwa mbali bila kuketi. Mwisho akashika njia ya nyuma, ile ya matope.

Nilikasirika! Hanitaki, asinitake. Lakini hasira haipigi soga na mtu. Jioni nilisikia vicheko kwenye vibaraza vya wengine nikaongeza sauti ya redio. Kanisani nilihamia benchi la nyuma kabisa, nikaacha kuimba. Kuna siku nilifika kulala bila kutamka neno hata moja tangu asubuhi. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, na nilikuwa mpweke kwa miezi minane.

Asubuhi moja nikaona pikapu mlangoni kwake, kitanda kimeshapakiwa. Nikatoka vile vile nilivyo, leso mdomoni.

"Unahama bila hata kuniaga?"

Alitazama leso, hakunitazama mimi.

"Nikuage vipi, nawe huwezi kuvuta pumzi nikiwa karibu?"

Sikumwelewa, nikamwambia hivyo.

"Tangu nirudi matangani wanizibia pua," alisema. "Nikajua ni samaki. Nikawa najisugua ndimu, nabadilisha nguo, ndipo nije kwako. Bado ukaziba. Nikaanza kujinusa hata kanisani. Nikaliacha karai, nikajaribu kuuza mboga, hazikutoka. Sasa nakwenda kwa binti yangu, Jomvu Kuu. Angalau mtoto wangu hatanionea kinyaa."

Mungu wangu. Nilikuwa sijawahi, hata siku moja, kufikiria leso ile ilionekanaje kutoka upande wake.

Nikaiachia. Nikafungua mdomo pale pale barabarani, mchana kweupe, dereva anatazama. Nilitaka acheke. Nilitaka anipe jina baya kuliko yote, apige kelele mtaa mzima usikie.

Hakucheka. Alinishika kidevu, akainua uso wangu kwenye mwanga, akatazama pale penye pengo.

"Jino?" akasema. "Moja?"

"Bima ilikataa kuziba," nikasema, na upepo ukatoka.

Dereva akapiga honi. Aliniachia kidevu, akajifuta macho kwa kiganja, akapanda mbele na kufunga mlango. Kisha akashusha kioo.

"Ungeniambia," alisema, "ningekucheka siku moja tu, yakaisha."