Shangazi Alivyoniposea Shule ya Biashara

Walisema sitaweza. Mjomba wangu, ndugu wa mama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Jilore, alisema shule za biashara za Ulaya huchukua watoto wa mameneja, si mtu aliyeanza maisha kwa kubeba mabegi ya wageni. Fundi cherehani wa mtaani kwetu Malindi alikubali kunishonea koti la mahojiano kwa mkopo, akatangaza mbele ya wateja wake kwamba mkopo huo ameshausamehe moyoni. Hata shangazi, dada wa marehemu baba, anayenipenda kuliko anavyokiri, alisema, "Kuweza angeweza. Tatizo ni mdomo wake."

Nayaandika haya bila kujisifu, ingawa sababu za kujisifu ninazo tele.

Wakati huo nilikuwa nimerejea kutoka Uarabuni. Nilikwenda huko nikiwa mbeba mabegi wa hoteli, nikarudi nikiwa msimamizi wa idara nzima ya usafi wa vyumba. Na huko huko nikajisomea diploma, jioni baada ya zamu, bila mfadhili na bila mtu wa kunisukuma. Diploma yenyewe imetundikwa sebuleni kwa mama ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni hawezi kuketi asiione. Shule niliyoitaka ilipokea watu wenye diploma na uzoefu wa kazi. Unasoma mwaka mmoja, ukitoka hapo hata meneja wa benki anakuinukia.

Pesa sikuwa nazo. Nilikwenda Jilore nikamwamkia mjomba shikamoo mara mbili, kwa tahadhari.

"Ada ya maombi nitakukopesha," alisema. "Na nauli pia, ukichukuliwa. Lakini ukikataliwa, utakuja kukaa hapa dukani mpaka deni liishe."

"Kwa mshahara gani, mjomba?"

"Kwa chakula."

Nikalitazama duka lile. Saruji, misumari, mabomba ya maji, na nyuma ya meza stuli moja isiyo na mgongo. Kwa mshahara wa chakula, deni lingeisha mimi nikiwa na wajukuu. Nikampa mkono tukakubaliana, nikarudi Malindi nikiwa na sababu nzuri kabisa ya kutokataliwa.

Shule ilitaka kwanza insha mbili, kisha mahojiano. Insha ya kwanza iliuliza kwa nini nataka kusoma kwao. Niliiandika kwa Kiingereza kizito cha kuvunja meno. Nikazungumzia uongozi, upeo wa mbali, mabadiliko ya bara zima la Afrika. Ilinipendeza mno, hata nikaenda kumsomea shangazi jikoni kwake, nikimfasiria sentensi kwa sentensi. Yeye alikuwa akichambua mchele.

"Huyu anayesema ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, shangazi."

"Si wewe. Huyu anaomba kura."

Sasa lazima nieleze shangazi ni nani. Yeye ni mshenga. Kijana akitaka kuoa, shangazi ndiye anayepelekwa kupeleka posa kwa wazazi wa binti, na amefanya hivyo kutoka Mambrui hadi Kilifi kwa miaka mingi. Mji mzima unajua kwamba hapelekwi mahali akarudi na jibu la hapana. Aliusukuma ungo kando.

"Sikiliza, mwanangu. Hao wana nyumba yenye binti. Wewe unaposa. Wanachotaka kujua ni wewe nani na binti yao unamtakia nini. Mtu akija akaniambia anataka mke ili alete maendeleo ya bara la Afrika, namtoa nje viatu mkononi. Basi sema. Unamtakia nini?"

Nikaikunja insha yangu nikaitia mfukoni.

"Nataka kufua mashuka," nikasema.

"Mashuka?"

"Mashuka na taulo. Hoteli nyingi ndogo za Bofa na za hapa kwetu hazina mashine za maana. Wanafua kwa mkono, au wanapeleka Mombasa, wageni wanangoja taulo. Nataka kiwanda cha kufulia mahoteli yote. Kazi yenyewe naijua. Nisichokijua ni hesabu za kampuni, na kuongea na benki."

"Alhamdulillahi," alisema shangazi. "Andika hivyo hivyo."

Nikaandika hivyo hivyo, nikaongeza kidogo tu juu ya diploma.

Insha ya pili ilitaka nieleze jambo ambalo liliwahi kunishinda. Hapa nilijiona mjanja. Niliandika kwamba udhaifu wangu ni kufanya kazi kwa bidii kupita kiasi. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mposaji asiyekuwa na ila hata moja ana mke mwengine Mambrui. Andika friji."

Friji! Niliporudi kutoka Uarabuni nilifungua kibanda cha sharubati karibu na stendi. Kabla sijapata mteja wa kwanza nilinunua friji la vioo, refu kuliko mimi, kwa sababu nilitaka watu walione. Walikuja wakaliona, wengi wao, wakalisifu, wakaenda kunywa madafu ng'ambo ya barabara. Kibanda kilifungwa, na friji likahamia kwa mama, ambako majirani huweka samaki wao. Niliandika yote, hata samaki. Iliniuma kama kunyoa bila maji.

Wiki chache baadaye shule ikajibu: niko tayari kwa mahojiano ya video? Hapo ndipo nyumba ya shangazi ikageuka chuo. Fundi cherehani alikuja kunipima koti, na shangazi akampa kazi ya kuwa mhojaji. Aliuliza maswali huku pini zikiwa mdomoni.

"Kwa nini wewe, si mtu mwingine?"

"Kwa sababu mimi ni bora."

"Punguza," alisema shangazi.

"Mimi ni bora kidogo."

"Mkono juu," alisema fundi. "Na bwana, ukikataliwa, koti hili lirudishe lingali jipya. Kuna bwana harusi wa saizi yako."

Shangazi alinipa amri mbili. Ya kwanza, nisiingie katika shughuli kabla ya salamu kamili, kwa sababu mwenye kukimbilia shughuli anaonekana ana njaa. Ya pili aliitoa nilipomwambia kwamba nimeomba nafasi katika shule nyingine mbili, kwa tahadhari. Alishika kifua.

"Posa tatu kwa mpigo! Subhanallah! Wakikuuliza, wewe hujabisha hodi nyumba nyingine yoyote. Hata wakikukata kidole."

Rafiki yangu wa mapokezi katika hoteli moja ya Bofa alituazima chumba cha mikutano, chenye mtandao wa uhakika na kiyoyozi. Nasema alituazima, kwa sababu shangazi alikataa kubaki nyumbani. Posa bila mtu mzima, alisema, ni uhuni. Alikaa upande wa pili wa meza, nyuma ya kompyuta, ili asionekane, amevaa buibui lake la sherehe.

Mhojaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi. Tulizungumza Kiingereza, lakini hapa nayaandika kwa lugha yetu. Nilimsalimu. Nikamuuliza hali yake, na hali ya nyumbani kwake, na watoto kama anao, na wenzake kazini, na kama mvua za kwao zimekuwa za heri. Alijibu mawili ya mwanzo kwa furaha. La tatu akajibu akitazama saa. Shangazi alinipungia niendelee. Nikauliza pia habari za safari, ingawa mama yule alikuwa ofisini kwake na hajasafiri popote.

Mashuka yakaniokoa. Alipouliza mpango wangu nilieleza uzito wa shuka kavu na shuka bichi, sabuni inayokula nyuzi, na jinsi doa la mafuta ya kujipaka linavyojificha mpaka pasi ilipite ndipo lijitokeze. Aliandika mengi. Alipouliza friji lilinifunza nini, nilisema lilinifunza kupata mteja kwanza, akacheka. Nilijiona nimeshafika. Kisha akauliza:

"Umeomba nafasi katika shule gani nyingine?"

Nikainua macho. Upande wa pili wa meza shangazi alikuwa akitikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na mdudu sikioni, kidole mdomoni. Nikamtazama mhojaji, nikamtazama shangazi. Stuli ya Jilore ikanijia waziwazi.

"Samahani," alisema mhojaji, "unamtazama nani?"

Mdomo ambao watu waliusema vibaya ndio ulionitoa.

"Namtazama shangazi yangu," nikasema. "Kwetu, anayeposa haendi peke yake. Na shangazi amenikataza kukwambia kwamba nimeposa nyumba tatu. Ni kweli, ni tatu. Lakini hii ndiyo niliyomleta shangazi."

Yule mama akasogea karibu na kioo. "Anaweza kuja nimwone?"

Shangazi hakungoja tafsiri. Alizunguka meza, akanisukuma na kiti changu, akajaa kwenye kioo chote. Alimsalimu, nikafasiri. Akamuuliza watu wake ni wa wapi na mama yake yu hai. Yule mama alisema yu hai, anaishi kijijini, anafuga kuku. Shangazi alifurahi sana kusikia kuna kuku.

"Sasa mwambie," aliniagiza, "mahari yao nimeyaona. Ni makubwa mno. Huyu kijana ni yatima wa baba, na mdomo wake ndio hasara yake pekee. Wapunguze."

"Shangazi, siwezi kusema hivyo."

"Sema!"

Nikasema. Nilitafsiri mahari kuwa ada, nikaruka habari za mdomo. Mhojaji alicheka kwa sauti, akafuta macho, akaeleza kwamba yeye hapangi ada, lakini shule ina fungu la kuwasaidia wanafunzi, na maombi yake huandikwa kando. Shangazi akaitikia kwa kichwa, kama aliyekuwa akijua tangu mwanzo kwamba bei ya kwanza si bei.

Nilichukuliwa. Na ada wakaipunguza kwa sehemu nzuri, baada ya barua niliyoiandika shangazi akiwa amenisimamia begani. Zile shule nyingine mbili zilinikataa, na shangazi alisema ni kwa sababu hakupelekwa. Mjomba alipopata habari kwenye simu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Alikuwa ameshawaambia wateja kwamba anakuja karani mwenye diploma.

Mwaka ule Ulaya sitausimulia sana, wasije watu wakaona najitapa. Nilikuwa miongoni mwa wanafunzi bora. Kidogo. Salio la ada lilitoka mfukoni mwa shangazi, na siku nilipohitimu nilimpigia video, naye akavaa buibui la sherehe.

Leo mashuka ya Bofa yanafuliwa Kilifi, kwangu, na ya Malindi pia. Ilipotimia siku ambayo kampuni ilisimama kwa miguu yake, nilivaa koti lile lile katika joto la Machi nikaenda kuwalipa wote. Shangazi alizipokea pesa zake akazifunga kwenye pindo la leso bila kuzihesabu. Fundi alizihesabu mara mbili, noti moja akaiinua juani. "Nilikuwa nimekusamehe, ujue," akasema. "Umeniharibia thawabu."

Jilore nilifika mchana wa siku ya soko, makusudi, duka likiwa limejaa watu. Nikaamkia kwa sauti ya kusikika, nikaweka bahasha juu ya meza.

"Mjomba, deni lako lote."

Wateja waligeuka. Mjomba akaitazama bahasha, akanitazama mimi.

"Riba sitaki," alisema. "Ni haramu. Lakini zawadi ni sunna."

Nikatoa seti ya mashuka meupe, yaliyopigwa pasi kiwandani kwangu. Aliyapapasa, akayanusa, akayageuza kutafuta doa. Hakulipata.

"Mimi nilijua ataweza," aliwaambia wateja. "Nilimkatisha tamaa ili apate hasira."

Sikubishana. Akaniita nyuma ya meza, akanikalisha kwenye stuli, akanifungulia soda baridi. Tuliongea vizuri, habari za mvua na bei ya saruji, mpaka nikainuka kuaga. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Na soda?"

Nikarudi nikalipa. Kuanzia hapo sidaiwi na mtu.