Mtoto Aliyepimwa

Mimi ni fundi wa majeneza. Nasema mapema ili asiyependa afunge ukurasa aende zake. Shule niliiachia darasa la tano. Wale niliowaacha darasani leo wananiita bosi, na wengine nimeshawazika. Duka langu liko Moshi mjini, upande wa Mawenzi, na ukiulizia sanduku ambalo halifunguki kiungo hata likibebwa na walevi kwenye mteremko wa matope, utaonyeshwa kwangu. Hakuna aliye hai wa kunifundisha mbao.

Kituo cha kulelea watoto nilikijenga nyuma ya duka, kwa hela yangu, bila mkopo na bila mfadhili. Watu walicheka. Walisema nimeamua kuwashika wateja kwenye ncha zote mbili. Niliwaacha wacheke, na wake zao ndio waliotangulia kuleta watoto, kwa sababu nilikuwa na uzio, choo cha maji na walezi waliosomea kazi hiyo. Mimi sikusoma, lakini waliosoma ninawalipa.

Asubuhi moja akaja mama mmoja muuza mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, amembeba mgongoni binti wa miaka minne. Miguu ya mtoto ilikuwa mirefu kwa kubebwa, inampiga mama yake mapajani. Shingo yake haikutulia, mikono ilikakamaa kama ya mtu aliyeshika ndoo, udenda unatiririka. Hospitali walishamwambia mama ni mtindio wa ubongo. Lakini akili ilikuwemo, hilo nililiona mwenyewe. Nilimtania mlezi mmoja kuhusu nywele zake, na mtoto akacheka kabla mlezi hajaelewa.

"Umeshajaribu vituo vingine?" nikamuuliza mama.

"Nimejaribu, baba. Cha mwisho waliniambia, mama, sisi hapa tunapokea watoto."

"Na mimi nikikataa?"

"Atapanda kwa bibi yake, mlimani Kirua. Mume wangu na mama yake wameshaniambia."

"Si vizuri? Ndizi, maziwa, hewa safi."

"Alishakaa huko. Siku moja nikapanda bila kuwaambia, nikamkuta kwenye stoo ya kahawa, amefungwa mguu kwenye kitanda na mlango una kufuli kwa nje. Walikuwa na sherehe ya komunyo. Hawakutaka wageni wamwone."

Nilimpokea. Asinisifu mtu, sikufanya kwa huruma. Mwenye huruma hawezi kuuza majeneza hata mwezi mmoja. Nilimpokea kwa sababu wenzangu wote walikuwa wameshindwa, na mimi napenda kusimama pale wengine walipoangukia.

Shida ikawa walezi wangu. Walimpenda vibaya. Walimpokezana mgongoni kutwa nzima kwa mbeleko, wakamlisha uji akiwa amelazwa kama ndama mgonjwa, akipaliwa wanampigapiga mgongo na kusema maskini, maskini. Wenzake walicheza pembeni yake bila kumtazama. Katoto kamoja kalimvuta mlezi sketi kakamuuliza, "Dada, huo mzigo hauteremshwi?"

Binti mmoja wa mazoezi tiba akaja kumtembelea kutoka hospitalini. Alikuwa mdogo, ila ana mdomo. Alimkuta mtoto mgongoni kwa mlezi.

"Huyu mtambeba mpaka lini? Mpaka aolewe?"

"Anaonewa huruma," mlezi akajibu.

"Hiyo huruma ndiyo inamkunja kiuno. Anatakiwa kiti kinachomshika mgongo na nyonga, miguu iwe na pa kukanyagia, mbele kuwe na meza, ale na wenzake kwa mkono wake. Shida ni fundi wa kukitengeneza."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwenye uwanja wangu mwenyewe, huku nimejaa vumbi la randa, mtu anauliza habari ya fundi!

"Basi mpime vizuri," akaniambia, "nikirudi nikute vipimo."

Sasa msomaji ajue kitu kimoja. Sisi wa kazi hii tuna mwiko: hatumpimi aliye hai. Hata marehemu mara nyingi hatumfikii, ndugu huleta kamba iliyokatwa urefu wake. Aliyepimwa na fundi wa masanduku ameshaitwa, ndivyo watu wanavyoamini huku, awe Mkatoliki au Mlutheri. Nilikuwa naujua mwiko huo tangu naanza kupiga msasa. Lakini mimi si mtu wa kuogopa tepu yangu mwenyewe.

Kilichotokea kilitokana na mkono. Mkono wa fundi hufanya ulichozoea. Kiti hupimwa mtu akiwa amekaa, kila seremala anajua. Mimi nilimlaza mtoto chali kwenye mkeka, nikamnyoosha miguu, nikakandamiza magoti yakae sawa, nikampanga mikono ubavuni, nikavuta tepu kutoka utosini mpaka kisiginoni. Akatulia. Nadhani alipenda ule ubaridi wa chuma. Akafumba macho. Walezi wamesimama kunizunguka, mmoja ameshika mdomo.

Siku hiyo mtori ulikuwa umeisha mapema. Mama yake akaingia.

Alimwona mwanawe amenyooshwa, akaniona mimi nimepiga magoti na penseli sikioni, akapiga yowe lile ambalo likishapigwa mtaa mzima unaacha sufuria jikoni. Majirani waliruka uzio wangu. Mwenye boda boda anayeegesha getini, kijana wa Kirua, alichungulia mara moja tu, akatoa simu. Mtoto alikuwa ameshafumbua macho anacheka, lakini nani alikuwa anamtazama mtoto? Mama yake alipomwona anacheka alininasa kibao. Mkono unaoponda ndizi kila siku si mkono wa mchezo, sikio langu liliimba mpaka jioni.

Tulipotulia, baada ya saa nzima na zaidi, yule wa boda boda akaja kichwa chini.

"Bosi, mimi nimeshapiga nyumbani kwao mtoto, Kirua."

"Umesema nini?"

"Nimesema mtoto ameshapimwa."

Basi. Kule juu, mtu akishapimwa na mimi hakuna anayeuliza hali yake. Simu ya mama ilikuwa imezima chaji. Tukapiga kwa simu yangu kwa mume wake, haipokelewi. Kwa bibi, haipokelewi. Nikamwambia mama, "Panda gari. Twende wamwone kwa macho yao, tuwaondolee msiba."

Gari ni langu na lina nguvu, ile barabara ya Kirua inayowalaza wengine mimi naipanda kwa mkono mmoja. Mama alikaa nyuma, mtoto mapajani. Tulipofika uwanja ulikuwa umeshafagiwa. Turubai limefungwa, mabenchi ya jumuiya yamepangwa, wanawake wamekaa kwenye majani ya migomba wanamenya ndizi. Na kwenye kihamba, shamba la ukoo, kati ya mibuni, kulikuwa na lundo la udongo mwekundu na shimo. Shimo dogo. Baba wa mtoto alikuwa ndani mpaka kiunoni, jembe mkononi.

Mama akashuka, mtoto mgongoni. Wanawake wakaacha kumenya. Mmoja kisu kilimtoka mkononi. "Yesu na Maria," akasema mwingine. Bibi akatoka jikoni anajifuta mikono.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

Alimtazama mjukuu wake. Mjukuu akamchekea kwa mdomo wazi, udenda ukamdondokea mama yake begani. Mimi nilikuwa nangoja bibi apige kigelegele. Akageuka kutazama kihamba.

"Sasa," akasema, "shimo tutalifanyaje?"

Nimehudhuria misiba mingi kuliko padri. Nimewaona wajane wakinyang'anyana shuka marehemu akiwa bado ndani. Hilo sikuwahi kulisikia.

Mama mtu akasogea mpaka ukingoni, akamtazama mumewe kutoka juu.

"Umechimba wewe?"

"Tulisaidiana."

"Hukunipigia."

"Hukupatikana."

"Na fundi? Namba yake imebandikwa kwenye kila nguzo Moshi nzima." Hilo ni kweli, nimebandika mwenyewe. "Hukutaka hata kujua mwanao amekufa na nini?"

Akakwangua udongo kwenye buti. "Mama alisema tuwahi. Mvua."

"Mvua," mama akarudia.

"Mae, we mwanamke, usimseme mwanangu!" bibi akaingilia. "Aliyeleta haya ni huyu mla maiti uliyemwachia mtoto."

"Nakula na nashiba, mama," nikamjibu. "Hata wewe nimeshakupima kwa macho pale mlangoni."

"Shindwa! Bora nizikwe na mkeka kuliko sanduku lako!"

"Mkeka pia nauza."

Wanawake waliziba vinywa kwa kanga. Ndipo meku mmoja, mzee wa ukoo, kaka wa marehemu babu, akainuka na fimbo yake. Akasema kaburi likishachimbwa halilali wazi, litamtafuta mtu mwingine. Wakate mgomba, uzikwe mgomba. Hilo ni la kwetu, hata mimi sikupinga. Kijana akaenda na panga, akaangusha shina, akauliza, "Urefu gani?"

Wote wakanigeukia mimi. Ni mimi peke yangu niliyekuwa najua urefu wa mtoto yule. Nikawatajia, wakakata, ukakaa sawasawa kwenye shimo. Kipimo changu hakikosei.

Bibi sasa akalegeza sauti. "Mtoto abaki hapa. Mgomba wake ukishafukiwa hawezi tena kuzurura mjini kati ya watoto wa watu. Akae ndani. Chumba chake kipo."

Sote tuliitazama stoo. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi kwenye komeo. Mama alikaza fundo la kanga kifuani.

"Zikeni mgomba wenu," akasema. "Mkishauzika, mtoto mmemzika. Asije mtu kumdai."

Mumewe akapanda kutoka shimoni. "Ukivuka masale hayo naye, usirudi kwangu."

Masale ndiyo uzio wa kihamba. Aliyavuka bila hata kuongeza mwendo. Mimi nilibaki nyuma kidogo nikamwambia yule mwanaume kwamba kwa kaburi alilochimba vile, kingo zimepinda, kwangu asingepata kazi hata ya kubeba maranda. Ndani ya gari mama hakulia. Tulipokuwa tunateremka ndipo akauliza, "Hicho kiti kitakamilika lini?"

Nilikitengeneza kwa mkangazi, mbao ambayo wenye pesa huitaka kwa baba zao. Nilipiga msasa mpaka unajiona sura. Binti wa mazoezi tiba akaja, akamkalisha, akatikisa kichwa.

"Umembana sawasawa na mwili wake."

"Ndiyo ufundi."

"Kwa maiti. Huyu anakua, bosi."

Nikabomoa kimya kimya. Kweli, sandukuni mtu haongezeki. Nikaweka kibao cha miguu kinachoteremshwa na mgongo unaosogea, na hadi leo mafundi wa hospitali wanakuja kukipiga picha.

Mama akahamia chumba cha kupanga kwenye uwani wa watu, akawa analala na mwanawe kwenye godoro moja. Mumewe alimrudishia nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, kwa mkono wa yule yule wa boda boda. Na wazazi kituoni wakaanza. Mmoja, mwanamke wa ofisini mwenye viatu vya kugonga, akanifuata dukani.

"Mwanangu hawezi kula meza moja na mtoto mwenye kaburi."

"Sote tunalo, mama. La huyu limetangulia tu kuchimbwa."

Akamtoa mwanawe. Wengine wakamfuata. Niliwafungulia geti mwenyewe, nikawapungia mkono.

Siku ya kwanza ya kiti, walezi walimfunga mkanda wakamsogeza mezani kati ya wenzake. Kwa mara ya kwanza kichwa chake kilikuwa sawa na vichwa vyao. Nikawaambia walezi wakae mbali, na atakayesema maskini anafunga virago. Mama aliomba ruhusa atazame. Nikamwambia asimame mlangoni, asivuke kizingiti.

Uji ukagawiwa vikombeni. Cha kwake kilikuwa mbele yake, lakini mkono ulipoondoka ulikwenda wenyewe, ukapita kikombe chake, ukaangukia cha mtoto wa pembeni, ukakivuta. Uji ukamwagikia kaptura ya yule mtoto.

"Mwizi wewe!" akapiga kelele, akamtandika kofi la shavu.

Mlezi akainuka. "Kaa," nikamwambia, akakaa. Mama mlangoni alishika fremu kwa mikono miwili, nikasikia kucha zake kwenye mbao. Nikamwonyesha kidole, asije.

Binti wa kwenye kiti alikuwa amefungua mdomo ili alie, akawatazama walezi kama alivyozoea. Hakuna aliyemfuata. Akawa anapumua kwa nguvu, shingo inatetemeka. Kisha akautoa mkono. Ukakosa, ukapiga hewa. Akaurudisha polepole, uso umemkunjika, akautoa tena, na safari hii ulimpata yule mwenzake puani.

Sasa wakalia wote wawili. Yule wa kaptura alikamata kiti cha mwenzake akakivuta kwa hasira, akatia mguu ukutani, akavuta tena kwa nguvu zake zote. Kiti hakikusogea.