Kikombe cha Maziwa cha Mahmudu

Chilangala nzima hakuna aliyejua kupuliza salfa kwenye mikorosho kama Mahmudu. Misimu ishirini na sita alibeba mashine mgongoni, akitoka shambani wa njano hadi kope, na kitambaa cha kufunika pua hakukitaka. Kinga yake ilikuwa maziwa. Akimaliza kazi hunywa kikombe kimoja kusafisha kifua, kama walivyofanya wapulizaji wenzake wote. Bwana shamba alisema mpaka akachoka kwamba maziwa hayafiki mapafuni. Sikio la kufa halisikii dawa. Sigara nayo aliivuta, maana maziwa yapo.

Sasa kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili.

Tumaini lake likabaki kwenye kisu. Alisikia kwamba hospitali ya rufaa wanaweza kukata sehemu ya pafu iliyotanuka na kuchakaa, ile iliyo nzima ipate nafasi ya kupumua. Akaacha sigara miezi saba, hata ugoro mkewe Stamili akamnyang'anya, wakasafiri. Walimpiga picha, wakamwambia apulize kwenye mrija. Alipuliza mpaka macho yakamtoka, fundi mzima wa kupuliza, na namba haikupanda.

Daktari Flora hakumficha. Upasuaji ule huwafaa walioharibika zaidi sehemu moja. Yeye mapafu yote mawili yamechakaa kila mahali, na pumzi iliyobaki ni ndogo mno. Watu wa hali yake hufa zaidi wakipasuliwa kuliko wakiachwa.

"Nipasue hivyo hivyo, mwanangu," Mahmudu alisema. "Nikifa, nimekufa."

"Baba, siwezi kukushika mkono nikakupeleka kaburini."

Akamchukia binti wa watu bila kosa.

Walifika nyumbani asubuhi, mashine ikinguruma. Mwanawe Mujibu, baba wa watoto watatu, ndiye aliyeirithi. Alitoka mikoroshoni wa njano hadi kope, akawaamkia wazazi wake, akaketi. Stamili akamletea kikombe cha maziwa.

Mahmudu alitaka kumwambia. Maneno alikuwa nayo yote, pumzi ya kuyatoa ndiyo hakuwa nayo. Akainuka, akaushika ukuta, hatua nne, akakipiga kile kikombe kikamwagika.

Mujibu aliduwaa. Stamili akamwomba mwanawe radhi, akasema hospitali imemvuruga baba yake akili. Kisha akaenda kummiminia kingine.