Jiwe Lenye Maji Ndani Yake

Mwaka ule barabara ya lami ilipofika kijijini kwetu, kati ya Songea na Namtumbo, nilikuwa mtoto wa miaka kumi, na mlima tuliouzoea ukiwa mzima ulikuwa umepasuliwa katikati kama boga. Mafundi walilipua mwamba kwa baruti kwa wiki kadhaa, kisha wakahamisha kambi yao kwenda mbele. Walituachia kuta mbili za jiwe, moja kila upande wa barabara, ndefu kuliko mnara wa kanisa letu. Jua la asubuhi likizipiga, mwamba wote ulimetameta.

Sisi watoto tulizipenda kuta zile kuliko barabara yenyewe. Bibi yangu, aliyenilea tangu mama alipoolewa Mbinga, hakuzipenda hata kidogo.

"Huu mlima haukuombwa ruhusa," aliniambia siku moja akipepeta mahindi. "Ni wa wazee." Alimaanisha mahoka, roho za wazee wetu waliokufa, ambao kwa imani yake walikaa mle ndani hata baada ya yeye kubatizwa na kuimba kwaya miaka arobaini. "Cheza huko, lakini usilete jiwe lake ndani ya nyumba yangu. Na ukikuta lile lenye maji ndani, usiliguse kabisa. Ukichukua maji yao, na wao watachukua yetu."

Nilicheka. Jiwe litakuwaje na maji ndani?

Aliyenifundisha kutafuta mawe alikuwa Mama Agatha. Alikuwa mjane, hakuzaliwa kijijini kwetu, na alikuwa akiponda kokoto chini ya mojawapo ya kuta zile. Alikaa juu ya gunia kuanzia asubuhi, nyundo mkononi, na kipande cha tairi alichokikunja kama pete ili kushikilia jiwe lisimrukie usoni. Nikitoka shule nilipita kwake.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba Filo. Kaa upande huu, vipande vinaruka."

Ni yeye aliyenionyesha mshipa mweupe unaopita kwenye mwamba, na namna ya kuufuata kwa kidole mpaka unapopanuka na kuacha kishimo. Mle kwenye vishimo ndimo vilimokaa vile tulivyoviita vioo: mawe maangavu yenye pande sita na ncha kali, kana kwamba mtu aliyachonga. Alinionyesha ulanga, jiwe linalobanduka kwa kucha kama maganda ya kitunguu. Aliniambia nije baada ya mvua, kwa kuwa maji huosha udongo na kuyafichua mawe, lakini nisisimame chini ya mahali palipotoka kubomoka. Sijui nani alimfundisha hayo. Nadhani alikuwa amekaa na mawe muda mrefu tu.

Sikuwa mtoto wa kutulia. Nikiwa darasani nilikuwa ukutani, nikiwa kanisani nilikuwa ukutani. Nilihisi kuna kitu mle kinachoningoja, na kwamba mwingine atakipata kabla yangu. Basi Jumamosi moja, mvua ilipokatika, nikaingiza mkono kwenye kishimo na kutoa kioo kinachotosha kiganja changu. Nilikisugua kwa sketi, nikakiinua juani. Ndani yake palikuwa na tone la maji. Nikiinamisha jiwe, kiputo kidogo cha hewa kilisogea upande mmoja. Nikiliinamisha tena, kikarudi.

Nilitazama huku na huku. Mama Agatha alikuwa amenipa mgongo, anajaza ndoo kokoto. Nikalitia jiwe kwenye nguo na kukimbia nyumbani, nikalificha kihengeni, ndani ya kopo la mbegu za maboga.

Wiki haikwisha. Chemchemi iliyokuwa nyuma ya mlima, iliyonywesha kijiji tangu Bibi akiwa msichana, ilianza kutoa maji ya tope. Siku ya pili ikatoa kidogo kwa kigugumizi. Siku ya tatu ikakauka, na huku masika yamepamba moto.

Siwezi kueleza vizuri jinsi nilivyokuwa siku zile. Nilikuwa nikiingia na kutoka. Nilikwenda kihengeni kulitazama jiwe, nikarudi, nikaenda tena kuona kama bado lina maji. Lilikuwa nayo. Bibi alidhani nina minyoo.

Mwenyekiti wa kitongoji akawaita watu wakutane pale chemchemini. Tulikwenda wote, na ndoo zetu tupu, kama vile tunaweza kubahatika.

Mama mmoja akasema kwa sauti, "Tuseme ukweli. Tangu huyu mgeni aanze kugonga mawe ya mlima, mlima umefunga maji."

Watu wakamgeukia Mama Agatha. Alikuwa amesimama nyuma, vumbi jeupe bado nyusini.

"Mlima umepasuliwa kwa baruti," alisema. "Nyundo yangu hii ingefanya nini?"

"Wenye baruti wameondoka," mwanaume mmoja akamjibu. "Wewe bado upo."

Watu wakaguna kukubali. Mwenyekiti akamuuliza, "Kuna kitu umekitoa humo mlimani? Kitu cha wazee?"

Macho ya Mama Agatha yalizunguka kwa watu, yakanifikia, yakaniacha. "Nimetoa kokoto," alisema. "Hizo mnazojengea nyumba zenu."

Nilikuwa nimeushika mkono wa Bibi. Maneno yalinijaa mdomoni: ni mimi, liko kihengeni. Nilifungua mdomo, nikapiga chafya ya uongo.

Kesho yake vijana walitawanya lundo lake la kokoto mtaroni na kuivunja nyundo mpini. Nilipotoka shule nilimkuta akikunja gunia. Sikumwamkia. Nilipita upande wa pili wa barabara nikitazama viatu vyangu. Keshokutwa yake tukasikia amepanda lori la mahindi, amekwenda kwa kaka yake Lusewa.

Ndipo nikamwambia Bibi. Nilitapika maneno yote kwa pamoja, nikaleta kopo, nikamwaga mbegu na jiwe miguuni pake. Nilitegemea fimbo. Bibi alilichukua, akaliinamisha, akakiona kile kiputo kikitembea. Uso wake ulibadilika, na mpaka leo sijui kama ilikuwa hofu au ni ile furaha ya mtu anayeona kwa macho kitu alichosikia tu.

"Vaa viatu," alisema.

Tulikwenda wakati wa jua kali. Bibi alibeba unga wa ulezi kwenye kibakuli. Alipiga magoti chini ya ukuta, akanyunyiza unga, akazungumza Kingoni taratibu, kama mtu anayemwombea mtoto msamaha kwa jirani. Kisha akaniambia nilirudishe jiwe nilipolitoa. Nililirudisha.

Alipotaka kuinuka aliegemea mwamba, akasita. Akakiweka kiganja chake chini zaidi, kwenye ufa. Kilikuwa kimelowa. Tukafukua majani na kokoto zilizotawanywa na vijana, na chini yake maji safi yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye mwamba, yakiingia mtaroni, yakipita chini ya barabara kwenda kusikojulikana.

"Yako huku," Bibi alisema.

Jioni ileile alikwenda kwa mwenyekiti, akaeleza habari za maji na habari za jiwe, akisema ni nyumba yake iliyokosa, wala si Mama Agatha. Watu walikuja na majembe, baadaye na bomba. Kijiji kinakunywa pale mpaka leo. Hakuna aliyetumwa Lusewa.

Nilipokua nilielezwa shuleni kwamba maji hupita kwenye nyufa za mwamba, na mwamba ukikatwa hubadili njia. Nilipumua. Kwa miaka mingi maelezo yale yalinitosha kabisa.

Mwaka jana tulikwenda Lusewa msibani, kumzika shangazi wa mume wangu. Kati ya kina mama waliokuwa wakichambua mchele nilimwona Mama Agatha, amezeeka, macho yaleyale. Nilikaa kando yake. Mikono yangu haikutulia, nilichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Mama," nilisema mwishowe, "lile jiwe lenye maji, ni mimi niliyelichukua."

"Najua. Nilikuona."

"Ulikuwa umenipa mgongo."

"Niligeuka. Ulikuwa unakimbia kama umeiba kuku." Akacheka kidogo.

"Sasa kwa nini hukuwaambia, siku ile pale chemchemini?"

Aliokota changarawe kwenye ungo, akaitupa. "Niwaambie ili iweje, Filo? Wale watu walikuwa na hasira, na wewe ulikuwa na miaka kumi."

Akaniuliza habari za Bibi. Nikamwambia alifariki. Akasema pole, tukaendelea na mchele.

Wanangu wakiniuliza kama mahoka wapo kweli, huwa nawaambia hivi. Nilirudisha jiwe na maji yakaonekana, na mwamba ulikuwa umekatwa vilevile, na yote mawili ni kweli. Siku hizi hilo halinisumbui. Kinachonifanya niinuke kwenye kiti bila sababu ni kwamba siku ile kulikuwa na watu wawili waliojua habari za jiwe, mtu mzima na mtoto, na wote tulinyamaza. Yeye alinyamaza kwa ajili yangu. Na mimi pia nilinyamaza kwa ajili yangu.