Kofia ya Baba Kando ya Lenzi

Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo Kayanga, na adui yangu mkubwa ni taa inayoitazama kamera. Ukiweka taa nyuma ya mtu, nywele na mabega yake yanang'aa vizuri ukingoni. Lakini mwanga huohuo ukigusa kioo cha lenzi, picha nzima inaingia ukungu: weusi unakuwa kijivu, macho yanapotea, na viduara vya rangi vinatua usoni bila kualikwa. Dawa yake si ngumu. Sogeza taa pembeni, au weka kitu cheusi kati yake na lenzi ili kivuli kiangukie kioo tu. Nimeshagombana na wapambe wengi wa maharusi kwa sababu ya kivuli hicho.

Mama alipougua na kukonda, aliniomba nimpige picha nyumbani kwetu Kimuli, akiwa amekaa na baba. Katika ndoa yao yote hawakuwa na picha ya wawili. Kutoka nje hakuweza tena, kwa hiyo nilifunga taa zangu sebuleni, moja mbele na moja nyuma ya viti viwili, maana ukuta wetu ulikuwa mweusi kwa moshi na bila taa ya nyuma ungemmeza.

Baba akakataa kukaa. Kwetu wapo wanaoamini kwamba mgonjwa akipambwa akapigwa picha, anaagwa. Jirani mmoja alikuwa ameshamnong'oneza maneno hayo wakianika kahawa uani.

"Mnataka kumzika angali hai?" baba alinifokea.

Nilijua anaogopa. Mimi pia niliogopa, ila ukali nimeurithi kwake, nikamjibu kwamba kamera yangu haijaua mtu.

"Baba watoto," mama alisema taratibu, "njoo tu ukae."

Wakati huo nilikuwa nalalamika kwamba taa ya nyuma inaingia kwenye lenzi. Baba alinisikia. Akavua kofia yake ya kwendea kanisani, akaja kusimama kando ya kamera.

"Mimi nitakinga taa. Nionyeshe wapi."

Kumbe mzee kapata pa kujifichia! Nikachukua shuka jeusi, nikalitundika kati ya taa na kamera, nje ya picha. Nikachungulia, kioo kilikuwa safi kabisa.

"Taata," nilimwambia baba, "huhitajiki tena hapa. Nenda ukakae naye."

Hakubanduka. Alibaki ameinua mkono wenye kofia, akikinga mwanga ambao haukuwepo.

"Mama, tazama hapa kwenye kioo," nilimwambia. Hakutazama kwenye kioo. Alikuwa ameanza kuchoka, nikapiga hivyohivyo.

Alifariki kabla kahawa ile haijakauka. Msibani, ndugu waliotoka Rugu na Songambele waliisifu picha iliyowekwa juu ya jeneza. Wakasema imetulia, uso unaonekana wote, hata ugonjwa hauonekani. Baba alipokea pole zao kwa macho makavu, akawa anauliza kama wageni wamepata ndizi za kutosha. Nilimchukia kidogo siku ile. Nilikuwa na huzuni nyingi, nikakosa pa kuiweka.

Baada ya matanga, nyumba ilipobaki na sisi wawili, nilikuwa naitundika picha ukutani. Akaniomba aishike. Akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mbona hatazami kamera? Anatazama nini hapa pembeni?"

Nilitamani kumdanganya, nikashindwa.

"Anakutazama wewe, taata. Ulikuwa umesimama pale na kofia."

Kidole chake kikashuka polepole juu ya kioo cha fremu, hadi kwenye mkono wa mama. Mkono ule ulikuwa juu ya kiti cha pili, kiganja kimefunguka.

"Ningekaa," alisema, na hapo ndipo akaanza kulia kwa sauti. "Ningekaa tu."