Saa ya Baba na Mchanga wa Kiriba

Nakumbuka asubuhi moja kule kijijini kwetu Kiriba, kando ya ziwa, wiki ya kwanza ya ndoa yangu, nilipoikuta saa ya baba yangu inang'aa kuliko nilivyowahi kuiona.

Mwanangu, haikuwa saa ya kuvaa mkononi. Ilikuwa ya mfukoni, ya fedha, ina mnyororo wake. Baba alipewa na mchungaji mmoja mzee siku anarudi kwao Ulaya. Mgongoni yalichorwa majina matatu: fundi aliyeianza kazi ile, mwanawe, na mjukuu wake. Baba alitusimulia kwamba watu hao walikuwa wakulima wa milima ya Uswisi. Baridi ikifunga njia na ng'ombe wakiwa zizini, familia nzima ilikaa dirishani kuunda saa. "Wakulima kama sisi tu," alikuwa akisema, huku anaifuta kwa shati. Aliyajua majina yale utadhani ni ya wajomba zake.

Basi, bwana mmoja wa Mwanza anayekusanya saa za zamani akasikia habari zake, akaahidi kuja Jumamosi kuinunua. Baba alikubali kwa shingo upande, ili apate injini ya mtumbwi. Bwana yule alisisitiza jambo moja: majina yawe yanasomeka.

Sasa mke wangu, Nyangeta, alitoka Bunda, kwa watu wa pamba na ng'ombe. Kwao, bibi harusi akifika ukweni hukusanya vyombo vyote akavisugua kwa mchanga na majivu, mama mkwe aione kazi ya mikono yake. Alisugua sufuria, akasugua mabakuli, kisha akaiona saa dirishani, imeingia weusi wa miaka. Akaionea huruma, maskini, akaipeleka ziwani pamoja na vijiko.

Aliporudi, majina yote matatu yalikuwa yamefutika, na maji yanachuruzika kutoka ndani.

Shangazi yangu, ambaye ulimi wake hata mbwa wa jirani waliuogopa, akasema, "Huyu afungashe. Arudi Bunda leo leo, kabla hajatusugua na sisi." Na mimi, kijana wa hasira za karibu, nikafungua mdomo kumuunga mkono. Nyangeta alikuwa amepiga magoti mlangoni, saa kiganjani. Kwetu zama zile mkwe hakumpa baba mkwe kitu mkononi, alikipitisha kwa mama mkwe. Mama hakusogea.

Baba akainuka, akaenda mwenyewe hadi mlangoni, akaipokea saa kutoka mkononi mwa Nyangeta. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo nyumbani kwetu.

"Mchanga ulichota wapi, mama?"

"Pale kwenye mawe, baba."

"Pale panakuwaga na mchanga mkali. Siku nyingine chukua wa kule wanakoanikaga dagaa, ule ni laini." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe funga mdomo. Wale mafundi waliandika majina yao kwenye fedha, wakafanya vizuri. Mimi jina langu litabebwa na watoto wa huyu. Nikimfukuza, nitaandikwa wapi?"

Nilimpenda baba yangu siku ile kuliko siku zote, nalisema wazi.

Jumamosi yule bwana akaja, akaitazama saa, akatikisa kichwa, hakuinunua. Baba akamfungashia furu wakavu, visamaki vyetu vya ziwani, vya kula njiani; injini hakuipata, akaendelea kupiga kasia mpaka uzee wake. Nyangeta ninaye hapa Kitaji tulikohamia, kazeeka kama mimi, na bado ukiacha kitu kichafu karibu yake umekwisha.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimleta mtu nyumbani kwako, ipo siku atakuharibia kitu, na huenda kikawa kile unachokipenda sana. Kabla hujapaza sauti, jiulize alikuwa anatafuta nini alipokishika. Ukiona alitaka kukupendeza, mpokee yeye kwanza. Hasara utaililia baadaye, ukiwa umeshiba. Wala usingoje mkubwa akufumbe mdomo, maana si kila siku atakuwepo.

Mungu akujalie nyumba ambayo mtu anaweza kuharibu kitu asubuhi, na jioni akaitwa kula kwa jina lake. Amina.